Upande wa Ukutani

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu, na kitambulisho chenyewe alikivaa kimegeuka, picha ikitazama tumbo lake. Wodi nzima ilimwita Mama Geuza. Madaktari walimwita hivyo, wafagiaji walimwita hivyo, na hata mumewe siku moja alipopiga simu ya wodini alimuulizia "huyo Mama Geuza wenu", akacheka peke yake upande wa pili.

Jina lilitokana na kazi. Mgonjwa asiyeweza kujisogeza akiachwa alale upande mmoja, nyama inayobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu. Kwanza ngozi hubadilika rangi, kisha huchubuka, kisha panatokea shimo ambalo mtu akilitazama mara moja halisahau. Manesi huliita kidonda cha kulala. Dawa yake kubwa haiuzwi duka lolote. Ni mikono ya watu wawili, kila baada ya saa mbili, kumtoa mgonjwa mgongoni na kumlaza ubavu wa kulia, kumtoa kulia na kumlaza kushoto, halafu kumrudisha mgongoni, hivyo hivyo mpaka apone au afe. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa. Daktari akipasua tumbo likapona, ukoo mzima unamjua. Aliyegeuza mgongo usioze hana cha kumwonyesha mtu, maana faida ya kazi yake ni jambo ambalo halikutokea.

Alijifunza kazi kwa sista mmoja wa zamani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha walinzi. Wiki ya kwanza, sista yule alimlaza kila mwanafunzi kwenye kitanda cha mbao kisicho na godoro, ubavu mmoja, akamwambia akae hivyo saa mbili bila kujitikisa. Mama Geuza, wakati huo msichana tu na mtoto wake wa kwanza yuko nyumbani kwa mama yake, alivumilia dakika arobaini. Nyonga ikaanza kuwaka, bega likafa ganzi, machozi yakamtoka bila ruhusa. Alipoomba kugeuka, sista alimwambia, "Wewe una mdomo wa kuomba. Inuka." Basi. Hakuwapa somo lingine juu ya jambo hilo, na Mama Geuza naye, alipokula chumvi ya kutosha wodini, akawa anawalaza wanafunzi wake kwenye mbao zile zile. Wengi walimchukia wiki hiyo. Waliobaki kazini walimshukuru baadaye, wengine baada ya miaka kumi.

Nyumbani alilea watoto watatu kati ya zamu na zamu. Akamuuguza mama mkwe wake, aliyepooza, miaka miwili bila kidonda hata kimoja. Mama mkwe huyo hakumpenda tangu siku ya posa, wala hakuficha. Wiki ya mwisho ya uhai wake alimwambia, "Mikono yako ni mizuri kuliko mdomo wako." Mama Geuza aliwasimulia wenzake maneno hayo kwa fahari, na kwa kweli hajawahi kupata cheti kilichompendeza zaidi.

Huyo ndiye mtu mwenyewe. Miaka thelathini na mitatu kazini, magoti yamechakaa, miezi minane imebaki astaafu. Miaka mitatu kabla ya hapo ubora ulikuwa umefika hospitalini, na ulifika na ndoo ya rangi ya njano.

Sitaki kuwa mkali kupita kiasi. Kamati ya ubora ilileta mambo ya maana: kila kitanda kikapata chupa ya dawa ya kunawia mikono, na homa za wodini zikapungua kweli. Lakini kamati hupenda kinachoonekana kutoka mlangoni, kwa sababu wakaguzi husimama mlangoni. Basi sakafu ikachorwa mistari ya njano, kila kitanda na mstatili wake, na ikaandikwa kwamba gurudumu la kitanda lisitoke nje ya mstari. Kitanda namba kumi na mbili, kilichoko pembeni kabisa, mstatili wake ulichorwa kuusogelea ukuta, ikabaki nafasi ya kiganja kimoja tu. Wodi ilinyooka ikapendeza. Ukutani kwenye korido wakatundika ubao ulioandikwa "Siku Bila Kidonda cha Kulala", na kila asubuhi mtu akabadilisha namba. Ilipopita elfu moja, waliletewa wageni wa kuutazama. Mama Geuza alijidai haoni, lakini akipita pale alipunguza mwendo.

Kitanda namba kumi na mbili alilazwa kinyozi.

Alikuwa mzee wa miaka sabini na tisa, mrefu, mwembamba, masikio makubwa. Kiharusi kilikuwa kimempoozesha upande wa kulia, mkono na mguu, na kumwachia maneno yanayotoka taratibu lakini yanaeleweka. Miezi saba alikuwa nyumbani akitunzwa na binti yake, mpishi wa shule, kisha kifua kikambana, wakamleta. Mama Geuza ndiye aliyempokea. Alimvua nguo, akampitishia mgongo wa mkono kuanzia kisogoni hadi visiginoni, akatazama kila mfupa uliochomoza. Ngozi ilikuwa safi kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Aliandika hivyo kwenye karatasi ya kupokelea, akamgeukia binti.

"Nani alikuwa anamgeuza huyu?"

"Mimi, mama."

"Peke yako?"

"Jirani ananisaidia mchana nikiwa kazini. Usiku naweka saa iniamshe."

Mama Geuza hakuwa mtu wa kugawa sifa ovyo. Alimtazama binti yule, akasema, "Ungekuwa nesi wangu ningelala usingizi." Binti aliinamisha uso akacheka kidogo, na kila aliyekuwa karibu aliona alivyofurahi.

Binti alikuja kila siku saa kumi jioni, akitoka jikoni shuleni, na beseni lake na mafuta ya kumpaka baba uso na mikono. Alimnyoa mwenyewe, kwa wembe wa kukunja uliokuwa wa duka la baba. Mzee alimpa maelekezo muda wote. "Vuta ngozi. Usikwangue, unamnyoa mtu humenyi kiazi." Wagonjwa wa jirani walisubiri saa kumi kama wanasubiri taarifa ya habari.

Tatizo lilikuwa saa zilizotangulia. Akilazwa ubavu wa kulia, mzee aliiona wodi yote mpaka mlangoni. Akilazwa mgongoni, aliweza kugeuza shingo. Akilazwa kushoto, pua yake ilikuwa ukutani, na hapo alianza kulalamika.

"Atakuja saa kumi, baba," Mama Geuza alimwambia siku moja. "Sasa ni saa tatu asubuhi."

"Najua. Lakini mimi nimetazama mlango wa duka miaka arobaini na moja. Mteja akikukuta umempa mgongo, anakwenda kwa jirani."

"Binti yako hana jirani wa kwenda."

"Wewe hujui watoto," alisema mzee, na Mama Geuza akacheka, akamgeuza vile vile.

Siku ya tano au ya sita, alipomlaza kushoto, mzee hakulalamika. Mama Geuza alipoinama kumpangia mto aliona chozi linavuka daraja la pua na kuingia jicho la pili.

"Ukuta nitautazama sana nikishazikwa," alisema mzee. "Niacheni kwanza nitazame watu."

Maneno hayo yalimpata. Alikuwa amewageuza watu wakimtukana, wakimng'ata, wakimwita shetani, na mkono wake haukutetereka. Lakini huyu aliomba kwa adabu, naye Mama Geuza alikuwa amechoka, na magoti yanauma, na huruma ikimkamata mtu aliyechoka humwongoza inavyotaka. Alimrudisha ubavu wa kulia. Mwenzake wa zamu alimtazama. Mbele ya kitanda ilining'inia karatasi ya kugeuzia, yenye visanduku vya kila saa mbili: unaandika M akiwa mgongoni, K akiwa kulia, S akiwa kushoto. Kisanduku cha saa tatu kilidai S. Mama Geuza aliandika S.

Nimesikia watu wakisema uongo wa hospitali unatoka kwa wavivu. Mvivu hajisumbui hata kujaza karatasi. Uongo unaodumu, ule unaoaminika mpaka mwisho, huandikwa na mtu mwema mwenye jina zuri, na huanza kwa mara moja tu.

Mara moja ikawa kila asubuhi. Manesi wa zamu nyingine walipoona Mama Geuza mwenyewe anamwacha kinyozi atazame mlango, nao wakamwacha. Wao ni nani wamshinde? Karatasi ikajaa S zilizonyooka, mwandiko mzuri, na mzee akashinda kutwa na kulala usiku juu ya ubavu wa kulia. Ubavu huo ndio uliopooza. Upande uliokufa haulalamiki. Hilo Mama Geuza alilijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile, na alijiambia kwamba yupo, anatazama, ataona mapema.

Wiki ya tatu ya mtindo huo alichukua likizo ya siku nne kwa ajili ya magoti. Siku ya kurudi alikuwa bado hajafika kitanda cha kumi na mbili alipoijua harufu. Alivuta shuka, akainua gauni la mzee. Kwenye nyonga ya kulia palikuwa na kidonda ukubwa wa kisahani cha kikombe, katikati peusi.

"Unatazama nini huko?" mzee aliuliza.

"Nyonga yako, baba."

"Ipo?"

"Ipo."

"Basi funika, nasikia baridi."

Alifunika. Kisha akaenda moja kwa moja ofisini.

Sista inchaji, msimamizi wa wodi, alikuwa mdogo kwa Mama Geuza kwa miaka ishirini, na yeye pia aliwahi kulala kwenye mbao. Hakuwa mtu mbaya. Alifunga mlango wa ofisi, akakaa, akajishika kichwa.

"Wakaguzi wanakuja baada ya siku tisa," alisema. "Mama, kwa nini wewe?"

"Alikataa ukuta."

"Wagonjwa wote wanakataa kitu."

"Ndiyo."

Inchaji alifungua jalada. Alitoa karatasi ya kupokelea, ile iliyoandikwa ngozi safi, akaiweka mezani, na kando yake akaweka nyingine tupu.

"Nyota ya ubora tuliyopewa na wakaguzi ikipotea, wodi hii wanaipunguzia watu. Tuko wanne kwa zamu, tutakuwa watatu. Watatu watageuza wangapi? Utakuwa umewaumiza wagonjwa ambao hata hawajaugua bado." Akamsogezea ile karatasi tupu. "Na wewe umebakiza miezi minane. Mwandiko kwenye zile S ni wako. Tufunike kombe mwanaharamu apite. Alikuja nacho. Watu wengi huja navyo kutoka nyumbani."

Mama Geuza aliitazama karatasi tupu. Alimwona binti yule na saa yake ya kumwamsha usiku. Alimwona wazi kabisa, sitaki mtu aseme hakumfikiria. Kisha akachukua kalamu akaandika kwamba mgonjwa alipokelewa na ngozi ya nyonga ya kulia ikiwa imeharibika, akaweka tarehe ya wiki nne nyuma, akatia saini.

Inchaji ndiye aliyemwambia binti, jioni ile ile. Alimwambia kwa upole, kwa lugha waliyofundishwa kwenye semina: kwamba nyumbani ndugu hujitahidi lakini hawana utaalamu, kwamba jeraha huanzia ndani na huchukua muda kujitokeza, kwamba hakuna anayemlaumu. Binti aliitikia kwa kichwa kila sentensi ilipoisha. Mama Geuza alikuwa hatua sita kutoka pale, anakunja mashuka yaliyokwisha kukunjwa.

Tangu siku hiyo binti hakumgusa baba yake.

Alikuja saa kumi kama kawaida. Aliweka beseni chini, akasimama kando ya kitanda, mikono ameifungia nyuma. Akiombwa asaidie kumwinua, alirudi nyuma akasema, "Nyie ndio mnajua." Ndevu za mzee zikaanza kuota, nyeupe, bila mpango.

"Wembe umepotea?" mzee aliuliza.

"Upo, baba."

"Mkono unauma?"

"Hapana."

"Basi nimekukosea nini?"

Binti alitoka nje akakaa kwenye benchi la korido. Mama Geuza alimkuta pale, na hakuwa amepanga kumkuta.

"Mama," binti alisema, "nilikuwa namlaza vibaya wapi? Nimeikumbuka ile miezi saba siku moja moja. Kuna usiku mmoja saa iliita nikailalia. Mmoja tu, nakuapia. Ndiyo ulikuwa huo?"

Mama Geuza alikaa karibu yake. Alikuwa na jibu, lilikuwa mdomoni.

"Ndugu zangu wameshasema ni mimi," binti aliendelea. "Kaka kapiga simu, kasema kama nilichoka ningesema mapema. Nami simbishii. Karatasi imesema."

"Usijilaumu, mwanangu," alisema Mama Geuza.

Akamshika bega, akainuka, akaenda chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango. Alikaa juu ya kikapu cha mashuka machafu. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani, si kwa kidonda, bali kwa yale maneno mawili. Kumwambia mtu asijilaumu kwa kosa lako ni kumkabidhi kosa lenyewe mkononi. Alijua hilo wakati akisema, na alisema, na binti alimwambia ahsante.

Kamati ya ubora ilikutana asubuhi iliyofuata, saa mbili, kwenye chumba chenye meza ndefu. Mama Geuza hakuwa mjumbe. Kabla ya kikao alipitia kwa inchaji akaomba karatasi yake ya kwanza.

"Nimeichana," alisema inchaji.

"Hukuichana. Nimekulea mimi."

Inchaji alifungua droo. Karatasi ilikuwa chini ya daftari la zamu, haina hata mkunjo. Aliishika kwa muda.

"Utanizamisha na mimi."

"Saini ni yangu kwenye zote mbili. Wewe utasema uliamini ya pili."

"Huo nao ni uongo, mama."

"Basi utasema utakalo," alisema Mama Geuza. "Mimi nimechoka kukuchagulia."

Chumbani walimsikiliza kwa sababu ya mvi zake. Aliweka karatasi mbili mezani, akaeleza ipi ni ya kweli, ipi ya uongo, na S zilizoandikwa ni ngapi. Mwenyekiti alisafisha koo, akauliza kama wangeweza kuandika kwamba uangalizi haukukidhi viwango.

"Andikeni sikumgeuza," alisema. "Halafu andikeni kwamba niliandika nimemgeuza."

Mtu mmoja alianza kuzungumzia mazingira magumu ya kazi. Mama Geuza alimkatiza. Alisema mazingira ni magumu kweli, wayajadili siku nyingine, lakini kidonda hiki hakikuletwa na mazingira. Inchaji, mwisho wa meza, alisema kwa sauti ndogo kwamba wazo la karatasi ya pili lilikuwa lake. Waliamua kwamba Mama Geuza atoke wodini mwisho wa wiki kusubiri barua, na kwamba familia iarifiwe kwa utaratibu, na ofisi husika, baada ya kushauriana.

"Lini?" aliuliza.

"Itachukua wiki chache."

"Binti anakuja saa kumi," alisema, akasimama. Mwenyekiti alimwonya kwamba hana mamlaka ya kuzungumza na ndugu juu ya jambo hilo. Alisema ameelewa.

Saa kumi binti aliweka beseni chini. Mama Geuza alikuwa anamsubiri kando ya kitanda, amekwisha nawa mikono. Hakumpeleka ofisini wala kwenye benchi. Alitaka mzee asikie pia.

"Baba yako hakuja na kidonda," alisema. "Alikuja mzima. Nilimpapasa mwenyewe, hakuwa na hata mchubuko. Kidonda tumempa sisi, na wa kwanza ni mimi. Nilimwacha upande mmoja wiki tatu, nikaandika nimemgeuza. Halafu nikaandika kwamba alikuja nacho. Ule usiku mmoja uliolala, ulilala tu, mwanangu. Haukufanya kitu."

Binti hakulia wala hakupandisha sauti.

"Jana pale kwenye benchi," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukaniambia nisijilaumu."

"Ndiyo."

"Nikakushukuru."

"Ndiyo."

Binti alimtazama muda mrefu, na Mama Geuza, ambaye alikuwa amejiandaa kwa matusi, alitamani yaje. Hayakuja.

"Kwa nini hukumgeuza?"

"Alikataa kutazama ukuta. Alitaka kuona mlango, kwa sababu ndiko unakotokea. Alilia. Nikamhurumia."

Binti alitazama mlango. Alitazama ukuta. Kisha akatazama chini, miguuni mwa kitanda.

"Hakisogei hiki?"

Mama Geuza alifungua mdomo kueleza habari ya mistari, na kamati, na gurudumu lisitoke nje. Akaufunga. Miaka thelathini na mitatu alikuwa amegeuza watu, na wiki tatu nzima alisimama mbele ya kitanda hiki akichagua kati ya ukuta na kidonda, na kitanda kilikuwa na magurudumu. Hakuwaza. Hakuna aliyewaza, wala kamati, wala daktari anayepita kila asubuhi. Akashika chuma cha kitanda.

"Kinasogea," alisema.

Breki zilikuwa zimegandishwa na rangi ya njano. Binti alizipiga teke moja moja mpaka zikaachia, wakasukuma, na kitanda kikavuka mstari kikasimama katikati ya njia. Binti alivuta stuli akaingia nayo kwenye nafasi ya upande wa ukutani, akakaa, akaupa ukuta mgongo.

"Sasa mgeuze," alisema.

"Peke yangu siwezi."

Binti aliitazama mikono yake mwenyewe. Kisha akainama mbele akaishika shuka kwa upande wake, ngumi mbili, na Mama Geuza akaishika kwa upande wa pili, akahesabu mpaka tatu kama alivyowahesabia wanafunzi wote. Mzee alianza kulalamika kabla hajasogea. "Ukutani hapana, jamani. Nimesema ukutani hapana." Hawakumsikiliza. Wakamgeuza taratibu, nyonga yenye kidonda ikabaki hewani, mto ukawekwa mgongoni, mguu wa kulia ukakunjwa juu ya mwingine. Mzee akafumbua macho, akamkuta mwanawe mbele yake, uso kwa uso.

Alionekana kupiga hesabu.

"Wewe umepitia wapi?"

"Huku huku, baba."

"Sikukuona mlangoni."

"Nilikuwa nimeshafika."

Mzee alikubali. Akainua kidevu kidogo, kama mteja aliyekwisha kaa kwenye kiti. Binti akatafuta wembe ndani ya beseni, akaufungua, akavuta ngozi ya shavu kwa kidole gumba, na hakumtazama Mama Geuza tena siku ile. Mama Geuza alibaki upande wa pili, nyuma ya mzee, akafungua sahani ya vifaa akaanza kuosha kidonda.